Alichokisema Claudette Kwenye Mdahalo

Normand alikuwa akipiga pasi blauzi ya dada yake, mkono mmoja kwenye pasi, mwingine umeikamata meza ili mgongo usimwangushe. Aliipiga kola, akaigeuza, akaipiga tena.

"Inatosha," alisema Claudette. Alikuwa ametoka zamu ya mchana kwenye nyumba ya kulelea wazee, bado ananukia dawa ya kusafishia sakafu, anakula mkate na nyama kwa kusimama huku akitafuta kiatu chake cheusi cha pili chini ya meza. "Kwani naenda harusini?"

"Harusini ungeonwa na ukoo. Leo utaonwa na nchi nzima. Unataka waseme watu wa New Hampshire hawana pasi?"

"Tutakuwa chumba kizima mle. Wakiona sikio langu nishukuru."

"Basi lisafishe."

Claudette alicheka akampiga kofi la begani, la juu, mbali na mgongo. Kiatu hakikuonekana. Alivaa vile vyeupe vya kazini, vya mpira, akavuta suruali ivifunike.

Jumanne ingekuwa siku ya kura ya mchujo wa chama, ya kumpata mgombea urais, na kwa wiki kadhaa simu ya nyumba ile ilikuwa ikilia kutwa: mgombea huyu, mgombea yule. Kisha akapiga msichana wa kituo cha televisheni, Paige, akauliza kama bado hajaamua atampa nani kura. Claudette akajibu kweli, hajui. Paige akafurahi kama aliyeokota kitu. Walikuwa wanatafuta wapiga kura wasioamua wakae pamoja hotelini Manchester, watazame mdahalo, na waseme wanavyoona. "Watu kama wewe ndio tunaowatafuta," alisema. Maneno hayo Claudette alitembea nayo siku nzima, akawabadilishia wazee shuka nayo. Hakukumbuka lini mtu aliwahi kumtafuta yeye, isipokuwa kumwomba azibe zamu ya mwenzake.

Mlangoni Normand alimvalisha koti.

"Ukipewa nafasi, waulize kuhusu madaktari wa bima. Mtu akianguka kazini, nani anaamua kwamba amepona? Uliza hilo tu. Jina langu usilitaje."

"Nitauliza, Norm."

"Mimi na mzee Whitcomb wa jirani tutakuwa tunakutazama. Analeta bia."

Ukumbi wa hoteli ulikuwa na zulia lililomeza nyayo na taa zilizomfanya kila mtu aonekane ametoka saluni. Claudette aliketishwa mstari wa mbele, karibu na mwanamke aliyevaa lulu shingoni, jina lake Meredith, mumewe daktari wa meno. Meredith alimtazama usoni, akashuka mpaka kwenye viatu, kisha akatabasamu kwa upole. Upole ule ndio uliomchoma. Claudette alirudisha miguu chini ya kiti.

Kila mmoja alipewa kidude cha mkononi chenye kitufe cha kuzungusha. Ukipendezwa na neno, unazungusha kulia, likikuudhi, kushoto. Kwenye televisheni kubwa mbele yao mstari ulikuwa ukipanda na kushuka chini ya nyuso za wagombea, na hapo ndipo ungejua wenzako wanaonaje.

Mdahalo ulianza. Walizungumzia kodi, mpaka, vita vya mbali, kisha wakarukiana kuhusu nani alisema nini mwaka gani. Bei ya mafuta ya kupashia nyumba joto ilitajwa na mmoja, akapigiwa kengele kabla hajamaliza. Madaktari wa bima hawakutajwa. Claudette alikuwa akizungusha kidogo tu, huku na huku, jicho moja kwenye mkono wa Meredith. Usingizi ulikuwa unamnyemelea. Alikuwa ameamka kabla ya jua.

Ndipo Gavana Dunmore, mtu mrefu mwenye sauti ya mhubiri, akashika kingo za meza yake.

"Nataka kusema na wewe unayeamka gizani," alisema. "Wewe unayekwangua barafu kwenye kioo cha gari wakati wengine wamelala. Hakuna anayekushukuru. Na katika mtaa wako huohuo yuko mwanamume mwenye mikono miwili na miguu miwili, amejilaza kwenye kochi, na wewe ndiye unayemlisha."

Mstari ulipaa. Meredith alizungusha mpaka mwisho. Claudette naye akazungusha mpaka mwisho, na hakuzungusha kwa kumuiga mtu. Maneno yale ya mwanzo yalikuwa yamemwingia mahali palipokuwa pakavu muda mrefu. Alikuwa kweli anaamka gizani. Kioo cha gari lake alikuwa kweli amekikwangua. Hakuna aliyekuwa amemshukuru.

Mdahalo ulipokwisha mtangazaji aliingia katikati yao na kipaza sauti, na taa zikaongezwa. Aliuliza huyu, akauliza yule. Kisha akainama mbele ya Claudette kama anayemfahamu tangu utotoni.

"Claudette, wewe ni mfanyakazi wa nyumba ya wazee. Gavana aliposema lile la kochi, mstari wako uligonga juu kabisa. Kwa nini?"

Swali la Normand lilikuwa pale pale, kwenye ncha ya ulimi. Nani anaamua kwamba amepona? Claudette alifungua mdomo. Aliona kamera, akaona lulu za Meredith, akaona kiatu chake cheupe kimechomoza bila ruhusa. Aliona kwamba akiuliza vile, watajua anatoka upande gani wa mtaa.

"Kwa sababu mimi ninaye mmoja nyumbani," alisema.

Chumba kilicheka. Kilikuwa kicheko cha joto, cha watu waliomkaribisha mezani, naye akasogea.

"Mikono miwili, miguu miwili. Kochi langu limeshachukua umbo lake. Siku akiinuka tutalazimika kulizika."

Walicheka mpaka wengine wakafuta macho. Meredith aliweka mkono juu ya goti lake.

"Na ni nani huyo?" aliuliza mtangazaji, akicheka pia.

"Mdogo wangu. Normand."

Jina lilitoka lenyewe, kama jina linavyomtoka mtu aliyelizoea. Kamera ilibaki usoni pake kitambo, kisha ikahama.

Njiani kurudi hakuwasha redio. Mwanzo bado alikuwa na joto la kicheko kile mwilini. Lilimwisha barabarani, katikati ya misonobari, bila kitu chochote kutokea.

Normand alikuwa fundi wa paa tangu ujana. Alianguka kutoka paa la ghala, akalala kwenye changarawe mpaka wenzake waliposhuka kumfikia. Daktari wa bima alimtazama kwa muda wa kumaliza kikombe cha kahawa, akaandika kwamba anaweza kurudi kazini. Fidia ikakatwa. Alikata rufaa, na rufaa ingesikilizwa majira ya kuchipua. Na kuhusu kochi, hakulala pale kwa uvivu. Alihamia pale mama yao alipopatwa na kiharusi na kuwekewa kitanda chumba cha chini, ili akiita usiku amsikie. Yeye ndiye aliyemwogesha mama. Yeye ndiye aliyemlisha uji na kumkata kucha, na mgongo wake ule, ili Claudette afanye zamu mbili. Mama alipofariki alibaki kwenye kochi kwa sababu ngazi za kupanda vyumbani zilikuwa zimeshamshinda.

Yote hayo Claudette aliyajua alipokuwa ameketi chini ya taa zile. Hakuwa amesahau hata moja.

Nyumbani televisheni ilikuwa imezimwa. Chupa za bia zilikuwa mezani, moja tupu, moja haijafunguliwa. Normand alikuwa amelala kwenye kochi akiwapa watu mgongo, blanketi mpaka sikioni.

"Norm."

"Kuna pai kwenye jiko," alisema bila kugeuka. "Ipashe moto kidogo."

"Norm, mimi pale..."

"Kola ilionekana vizuri."

Claudette alisimama katikati ya chumba na koti lake mwilini. Angetukanwa angepumua.

"Zima taa, dada."

Asubuhi kochi lilikuwa tupu. Blanketi lilikuwa limekunjwa vizuri na kuwekwa pembeni, mto juu yake, kama mgeni anayeondoka. Simu ya Claudette ilikuwa imejaa ujumbe. Msimamizi wake wa kazini: "Umewapasulia!" Binamu yao wa Nashua: "Hatimaye mtu amesema." Wengine hakuwajua hata walikoipata namba yake.

Kisha akasikia sauti nje, ya chuma kukwangua, na kishindo cha theluji kuanguka. Alikwenda dirishani. Juu ya paa la jirani yao Whitcomb, na koleo mkononi, alikuwa Normand.

Claudette alivaa buti za theluji akiwa bado na gauni la kulalia, akavuta koti na kukimbia. Whitcomb alikuwa amesimama uani na kikombe cha kahawa, mstaafu wa posta, mwenye kofia ya sufu na uso uliong'aa.

"Mtazame!" alimwambia. "Ameniamsha mwenyewe, ananiuliza kama nahitaji mtu wa kuondoa theluji. Wewe mama umefanya muujiza."

"Norm! Shuka!"

Normand hakumtazama. "Mikono miwili, miguu miwili," alisema, na akasukuma koleo.

"Norm, nakuomba. Mgongo wako!"

"Mgongo gani? Hukuutaja mgongo."

Simu ikalia mfukoni mwa Claudette. Alikuwa Paige, na sauti yake ilikuwa imejaa jua. Kipande kile kilikuwa kimerudiwa asubuhi nzima. Watu wa Gavana Dunmore walikuwa wamependa mno. Jumatatu Gavana angekunywa chai mkahawani Concord, wangependa Claudette awepo, ampe mkono mbele ya kamera. "Na mdogo wako akija, akiwa mcheshi kama wewe, itapendeza zaidi!"

"Nilidanganya," alisema Claudette.

"Samahani?"

"Jana. Nilidanganya. Alianguka kazini, alivunjika, wakamnyima haki yake. Amemwuguza mama yetu mpaka akafa. Nataka kuja kusema hivyo. Kwenye kamera hizohizo."

Paige alipojibu alikuwa na huruma ya kweli, na hilo lilifanya iwe mbaya zaidi.

"Pole sana, Claudette. Kweli nakuonea huruma. Lakini hiyo ni habari nyingine."

"Ni habari ileile."

"Sisi jana tulikuwa tunauliza watu wameuonaje mdahalo. Hiyo imepita. Na Jumatano tunahamia Carolina Kusini, kwenye mchujo unaofuata." Akashusha sauti. "Watu wamekupenda ulivyokuwa. Usijiharibie."

Claudette alirudisha simu mfukoni. Whitcomb, aliyekuwa amesikia yote, alimpigapiga mkono.

"Usijisumbue. Mtu akisemwa kidogo anainuka. Mgonjwa wa kweli hapandi paa, au siyo? Hebu ona." Alitoa simu yake, akamwonyesha. Ilikuwa picha ya Normand juu ya paa, koleo limeinuliwa, anga la buluu nyuma yake. Chini Whitcomb alikuwa ameandika: *Mtu wa kochi ameinuka!* "Nimeiweka sasa hivi. Wameshaipenda watu hata siwajui. Wengine wa mbali huko."

Claudette aliitazama ile picha. Aliiona ilivyo, kisha akaiona jinsi itakavyoonwa na wale watakaosikiliza rufaa.

"Itoe," alisema.

"Kwa nini? Ametoka vizuri."

"Itoe, Bwana Whitcomb. Ana rufaa!"

Mzee alianza kubonyezabonyeza kwa vidole vya baridi, akinung'unika kwamba haelewi, kwamba watu wameshaichukua, kwamba alidhani ni jambo la furaha. Juu ya paa kukwangua kulikuwa kumekoma. Claudette alidhani Normand amewasikia. Huenda alisikia. Lakini alikuwa amesimama ameinama nusu, koleo limechomekwa kwenye theluji, mikono yote miwili juu ya mpini, na hakusogea.

"Dada," alisema. Sauti yake ilikuwa ya mtoto. "Siwezi kugeuka."

Claudette alipanda ngazi. Gauni lilimkwama, akalipandisha magotini akaendelea. Kwenye ukingo alitambaa, theluji ikaingia kwenye buti na mikononi, mpaka akamfikia. Alimshika kama anavyowashika wazee kazini, mkono mmoja kiunoni, mwingine chini ya kwapa, kifua kwa kifua. Normand alikuwa anatetemeka. Aliegemeza kidevu begani kwake, na uzito wake wote ukaja pamoja nacho.

"Nisamehe," alisema Claudette.

"Usiniachie tu."

"Sikuachii. Mguu wa kushoto kwanza. Hivyo. Pumzika. Tena."

Alipotazama chini kupima wapi ilipo ngazi, alimwona Whitcomb ameinua simu, tena kwa mazoea tu, ameielekeza kwao.

"Piga!" alimpigia kelele. Sauti yake ilivuka ua mpaka barabarani. "Piga na hii, Bwana Whitcomb! Iweke na hii! Waandikie huyu ndiye yule wa kochi!"

Mzee aliitazama simu, akawatazama wao: mwanamke mwenye gauni la kulalia, mapaja yamekuwa mekundu kwa baridi, amemkumbatia mwanamume anayelia juu ya paa. Aliirudisha mfukoni polepole. Kisha akageuza uso kuelekea barabarani, kama mtu aliyefungua mlango akakuta wenzake wanavaa nguo.