Samli ya Raheli Siku ya Taa

Reli ya Wajerumani ilipofika Dodoma, wenye maduka walikuja nyuma yake, na mmoja wao aliitwa Ramji. Raheli wa Nzuguni alikuwa na haja moja tu katika duka lile: alitaka mke wa Ramji awe ananunua samli kwake kila wiki. Akikubali, nyumba ya Raheli ingepata mtama wa kuwafikisha msimu wa mvua. Akikataa, mtamba wao mwekundu angeuzwa.

Mke huyo, Banyani mzaliwa wa Bagamoyo, aliitwa Mama Kanji kwa jina la mwanawe. Alikinusa kibuyu cha samli kwa muda mrefu.

"Ina moshi," alisema.

"Kibuyu kisipofukizwa, mama, samli huharibika."

"Huenda. Lakini mwanangu hali kitu chenye harufu. Hata kisicho na harufu anakidonoa tu. Niachie kibuyu. Keshokutwa ni sikukuu yetu ya taa. Njoo na watoto mle, nami nitakujibu."

Siku ya sikukuu, njiani, Raheli aliwaonya watoto wake wawili. Yudith alikuwa mtu wa kuuliza, Silvano mtu wa kula.

"Tunakwenda kula kwa watu. Chochote mtakachopewa, mmalize. Nikiona chembe imebaki, tutaonana nyumbani."

"Hilo niachie mimi," alisema Silvano.

Uani kwa Ramji vitaa vya udongo vilikuwa vimepangwa ukutani vikisubiri jioni. Mlangoni palikuwa na ua kubwa lililochorwa kwa unga mweupe.

"Mnamwaga unga chini?" Yudith aliuliza.

"Tunachora," alijibu Kanji, mtoto wa rika lake, mwembamba kama fimbo ya kuchungia. "Wewe usikanyage tu."

Waliketi mkekani, kila mtu na sinia yake ndogo ya shaba. Juu yake palikuwa na dengu za njano, viazi vyenye binzari, achari ya ndimu, na vimkate vya puri vilivyokaangwa katika samli ya Raheli vikafura kama vyura. Silvano alikitoboa kimoja kwa kidole.

"Kimejaa upepo."

"Ndiyo utamu wake," alisema Kanji.

"Upepo kwetu tunapata bure. Nyama inakuja baadaye?"

"Haiji. Sisi hatuli nyama."

Silvano alimtazama kwa huruma. "Ng'ombe wenu waliibiwa?"

"Hatuli tu."

"Hata akifa mwenyewe?"

"Silvano," alisema Raheli.

Silvano alitia mdomoni ndimu nzima ya achari. Machozi yalimtoka, lakini kwa kuwa haikuruhusiwa kubaki, aliimeza.

"Hata baba haimezi nzima," alisema Kanji kwa heshima, akavuta sinia yake karibu. Silvano alipokula puri, naye alikula. Silvano alipochukua nyingine, naye alichukua.

Sinia zilipokuwa tupu Mama Kanji alitokea na kuzijaza. Wageni walimaliza. Alizijaza tena. Raheli alianza kutokwa jasho, akafungua kidogo fundo la nguo yake, akaendelea. Mama Kanji naye alianza kuchungulia sufuria kwa wasiwasi, kisha akaagiza unga mwingine ukandwe.

"Mama," Silvano alinong'ona, "upepo umejaa mpaka hapa." Alionyesha shingo.

"Maliza."

Mama Kanji aliporudi tena, Kanji alifunika sinia yake kwa kiganja, na mama yake akampita bila neno. Yudith aliona. Zamu yake ilipofika, naye alifunika.

"Toa mkono," Raheli alisema kwa sauti ya chini. "Unamnyima mwenyeji kupakua?"

"Mama, ndivyo wanavyosema wameshiba. Kanji amefanya hivyo sasa hivi."

Mama Kanji alisimama na bakuli lake mkononi. "Kwani ninyi mmeshiba?"

"Tangu ile ya pili," alisema Raheli.

"Sasa kwa nini mnamaliza?"

"Kwetu kubakiza ni kumtukana mpishi."

"Na kwetu kumwacha mgeni na sinia tupu ni kumfukuza." Mama Kanji aliketi, akaweka bakuli chini. "Mimi nimekaa jikoni nikiwaza, hawa watu wa Nzuguni mwaka huu hawakuvuna kabisa?"

Raheli alicheka kwa tahadhari, kwa sababu tumbo halikuwa na nafasi ya kicheko. Halafu alikumbuka kilichomleta.

"Na samli, mama?"

"Imekwisha. Mmeila yote. Nilitaka niionje kwanza ndipo nikujibu, sasa nitaonja nini?"

Raheli alitazama sinia yake. Alimwona mtamba mwekundu akiondoka na kamba shingoni.

"Kanji," mama yake aliita. "Umekula ngapi?"

"Nane. Silvano amenishinda kwa mbili."

"Huyu kwa kawaida akila mbili ninashukuru," Mama Kanji alimwambia Raheli. "Leta kibuyu kingine wiki ijayo, na kila wiki. Moshi usiuondoe. Na huyo mtoto wako uwe unakuja naye."

Jioni, Nzuguni, Bibi Loisi, aliyebaki kuchunga nyumba, aliwatengea ugali na mlenda. Mikono mitatu ilifunika vyombo kwa pamoja.

Bibi Loisi alitazama mikono ile mmoja mmoja.

"Asubuhi mmeondoka Wakristo," alisema. "Hii ni dini gani mliyorudi nayo?"