Kiko cha Tete Refu

Mbuzi ndiye aliyeanzisha yote. Alikata kamba asubuhi, akapita barazani kwa Mpawenimana kama mwenye nyumba, na ukwato wake mmoja ukatua juu ya kiko cha udongo ambacho bibi huyo alikuwa amekilaza chini ili anywe uji. Kikavunjika vipande vipande. Mpawenimana alichuchumaa. Aliokota vigae vyake, akavifunga kwenye pindo la kanga, akaingia ndani. Alipotoka alimwambia mwanawe Leonidasi kwamba safari ya Kumsenga, kule Kibondo, haipo tena.

"Mama! Arusi ni ya mjukuu wako!"

"Najua ni ya nani. Niende nikakae na wale wazee wenzangu wa Kibondo nimeshika nini mkononi? Simu?"

Arusi ilikuwa Jumamosi ya wiki iliyofuata. Leonidasi alipanda bodaboda mpaka Kasulu mjini, dukani kwa Hamis, aliyekuwa na kila kitu kuanzia misumari hadi mafuta ya nywele. Hamis alimtazama kwa huruma. Viko vya udongo? Mama aliyekuwa akivileta alikwisha kufariki, na binti zake walihamia Kigoma. Akampa pakiti ya sigara. Mpawenimana alivuta moja, nusu tu, akaizima kwenye ukuta.

"Hii ni karatasi inaungua," alisema.

Ndipo neno likamponyoka Leonidasi: "Basi nitakufinyangia mwenyewe."

Mkewe, Niyubahwe, aliyekuwa akipepeta maharage, alicheka mpaka ungo ukamtoka mikononi. "Wewe? Kitu kidogo kuliko vyote ulichowahi kutengeneza ni tofali lililokatika!"

Ni kweli. Leonidasi alikuwa mfyatua matofali. Nusu ya nyumba za Kitanga, kijijini kwao, zilisimama kwa udongo uliopita mikononi mwake, na mikono yenyewe ilikuwa mipana kama majembe. Lakini kicheko cha mkewe kilimwasha. Jioni hiyo hiyo alishuka bondeni, akachimba udongo mweusi unaonata, akaubeba mabegani mpaka nyumbani huku akipiga mluzi. Kumbe alikuwa na furaha, na hata hakujua imetoka wapi. Miaka yote alikuwa akijaza kibao kilekile cha matofali. Sasa alikuwa na donge la ukubwa wa yai kiganjani, na alipolibonyeza kwa kidole gumba, likafanya tumbo la kutilia tumbaku.

Alifinyanga viko vinane, kila kimoja na shingo yake fupi ya kuchomekea mrija. Vilipokauka juujuu tu, akavisukuma kwenye tanuri la matofali lililokuwa linawaka. Hakungoja sana. Pa! Pa-pa! Vikaruka kama bisi, na kipande kimoja kikapita karibu na sikio lake.

"Umewapikia wageni?" Niyubahwe aliuliza kutoka jikoni.

Siku ya soko la Makere alibeba mabaki hayo kwenye mfuko, akaenda kumtafuta Deborah. Deborah alikuwa Mkongo wa kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, mama mnene mwenye sauti ya kwaya, ambaye siku za soko aliuza vyungu na majiko aliyoyafinyanga mwenyewe. Aliutia ulimi kwenye kigae, akakunja uso.

"Papa, udongo yako iko muzuri, lakini haina kwa kupumulia. Moto inaingia, maji inatafuta njia, inakosa. Inapasuka. Twanga chungu ya zamani, ikuwe kama unga, uchanganye ndani."

"Halafu?"

"Halafu uache haraka ya matofali! Ukaushe kwa kivuli, pole pole, kama mutoto mwenye amelala. Na moto ya kwanza ikuwe ya majani tu. Umesikia? Tena tundu usitoboe na musumari. Ufinyange juu ya kijiti ya nyasi. Kijiti itaungua yenyewe ndani, itabakisha njia safi. Voilà!"

Leonidasi alishika kichwa. Kijiti cha nyasi! Alimshukuru Deborah mara nyingi hata wateja wakaanza kunung'unika, akanunua kwake chungu kilichopasuka, na njiani kurudi alikuwa akimhimiza dereva wa bodaboda kana kwamba nyumbani kuna mtu anajifungua.

Safari hii alifanya kama alivyoambiwa. Alivifunika viko kwa majani ya mgomba, akavigeuza asubuhi na jioni, akawakemea kuku wasipite karibu. Alipovichoma alichuchumaa kando ya moto wa nyasi, akaongeza kuni nyembamba, kisha nene, jasho likimtiririka, asithubutu hata kukohoa. Hakuna kilichopasuka. Alipovitoa majivuni vilikuwa vyekundu vyenye mabaka meusi, na alipokigonga kimoja kwa ukucha kililia ting! kama kikombe cha chuma.

"Niyubahwe! Njoo usikie!"

Mkewe alikuja akiwa na unga mikononi. Akakigonga. Akakigonga tena. Hakucheka.

Mirija ikawa kazi nyepesi. Alikata matete makavu mtoni, akayapunguza yawe marefu kama kidole cha kati, akatoboa pingili zake kwa spoki ya baiskeli iliyopashwa moto, kisha akazungushia kila tete kitambaa chembamba chenye maji mahali linapoingia shingoni, ili hewa isivuje. Akajaza tumbaku ya nyumbani, akaweka kaa la moto juu, akavuta. Yeye hakuwahi kuvuta chochote maishani. Moshi ulipita! Ulipita moja kwa moja mpaka kifuani, akakohoa, macho yakajaa machozi, uwanja ukazunguka mara moja na migomba yake yote, akajikuta amekaa chini.

"Kinavuta!" alipiga kelele akiwa bado chini. "Mama! Kinavuta!"

Mpawenimana alitoka, akakaa kwenye kigoda, akapokea kiko. Akakiweka kinywani. Kikaanguka. Leonidasi alikidaka. Bibi akakiweka tena, kikaning'inia, kikamwaga majivu kwenye kanga. Kichwa cha udongo kilikuwa kizito, na bibi hakuwa na jino hata moja la kukibania. Alijaribu kukishika kwa mkono, akakiachia upesi.

"Kinaunguza," alisema. "Na moshi unafika ungali moto. Ulimi wangu si sufuria."

Leonidasi alikichukua kiko, akakigeuzageuza. Kesho yake ilikuwa safari. Alimtazama mama yake, mdomo ule uliokunjamana, mikono ile iliyotulia magotini. Akamkumbuka yule marehemu aliyekuwa akimletea Hamis viko, akipita sokoni huku akivuta chake, kichwa cha kiko kikiwa huku, mdomo wake ukiwa kule. Kule mbali! Hata kile cha mama yake kilikuwa hivyo, naye hakuwahi kukitazama vizuri.

Akatimka. Niyubahwe alimwona anakata uwanja mbio, akadhani nyuki wamemvamia. Alirudi matope yamefika magotini, na tete mkononi refu kama mkono wa mtu mzima. Alilitoboa pingili kwa pingili, akipuliza kila baada ya moja. Akalichomeka, akakilaza kichwa cha kiko chini, juu ya ardhi, mbele ya miguu ya mama yake, na ncha ya tete akamwekea midomoni.

Mpawenimana alivuta. Mashavu yakaingia ndani. Moshi ukatoka puani taratibu, mwembamba. Akafumba macho. Akavuta tena.

"Mama?"

"Nyamaza kidogo."

Alivuta mpaka kaa likawa jekundu kabisa. Kisha akafumbua macho, akasema, "Niyubahwe, ile kanga yangu mpya umeipiga pasi?"

Niyubahwe akapiga kigelegele pale pale.

Kesho yake, Kumsenga, muziki ulikuwa bado unafungwa waya wakati Mpawenimana alipotandikiwa mkeka nyuma ya nyumba pamoja na bibi za upande wa bwana arusi. Leonidasi alisimama mbali kidogo, akijifanya anapanga viti. Kiko kililala katikati ya mkeka na tete lilizunguka mdomo kwa mdomo. Bibi mmoja mrefu akalishikilia tete zaidi ya zamu yake, na wenzake wakaanza kumsonya.

"Nani kafinyanga hiki?" aliuliza yule mrefu.

Mpawenimana aliinua kidevu. "Yule pale, mwenye shati la njano. Ni mwanangu."

Moyo wa Leonidasi uliruka kama wa mvulana aliyetajwa shuleni. Wakamwita kwa mikono. Mmoja alitaka chenye kifuniko, mwingine chenye tumbo dogo kwa sababu daktari amemwonya, na yule mrefu alisema wazi kwamba hiki hakirudi Kasulu.

"Sawa, wazee wangu, sawa!" alisema Leonidasi huku akicheka. "Udongo mzuri wa huku unapatikana wapi?"

Wakajibu wote kwa pamoja, kila mmoja akinyoosha kidole upande wake. Leonidasi alikuwa tayari ameinama, anakunja suruali.

"Leonidasi!" Niyubahwe alimwita kutoka kwenye masufuria. "Hiyo ni suruali ya arusi!"

Alimpungia mkono, akateremka bondeni.