Mkanda wa Feni Mbele ya Mkuu wa Shule

Usiku wa jana niliota nimesimama mbele ya gari la Baba, boneti liko wazi, nami natangaza kwa sauti ya kuwafikia majirani wote: "Hakuna kelele ya gari nisiyoijua mimi! Nipe sekunde tatu za kusikiliza, nakutajia ugonjwa, dawa, na fundi aliyeliharibu."

Gari likajiwasha lenyewe. Mkanda wa feni ukaanza kulia: kwiii, kwiii, kwiii.

Nikasikiliza sekunde tatu. Nikaomba saba nyingine, nikapewa.

"Ni beringi," nikasema.

"Siyo beringi," Mkanda akajibu, bila kuacha kulia.

"Basi umelegea."

"Sijalegea."

"Basi umezeeka."

"Kaka, huo sasa ni utovu wa adabu."

Nieleze kwanza, usije ukanicheka kabla ya wakati. Kesho yake ilikuwa harusi ya dada yangu, Tumpale, na gari hilo ndilo lililotakiwa kumpeleka kanisani. Wiki mbili kabla, nilikuwa nimefungua altaneta, ile inayochaji betri, nikaisafisha, nikaifunga. Tangu siku hiyo gari likawa linalia kila asubuhi, na hapa kwetu Tukuyu, ambako mvua haijui likizo, lilikuwa linalia mpaka mbwa wanaitikia. Baba akasema likilia tena, bibi harusi atapanda pikapu ya ndizi ya jirani. Tumpale akasema akishuka mbele ya wakwe kutoka kwenye pikapu ya ndizi, mimi na yeye undugu umekwisha. Tena hakusema kwa hasira. Alisema taratibu, huku anakunja nguo.

Nami nikafanya wanachofanya mafundi wote ninaowajua: nikachukua kipande cha sabuni ya mche, nikausugua mkanda. Ukipaka sabuni kelele inakata kwa dakika kumi. Ufundi wenyewe ni kupokea sifa na kuondoka kabla dakika hizo hazijaisha. Mimi niliondoka ya tisa.

Basi, Mkanda akatoka kwenye injini, akajikunja mapajani mwangu kama mtoto mwenye homa. Nikagundua nimekaa kwenye benchi la wagonjwa wa nje, hospitalini. Nesi ni kopo la maji lililovaa kofia nyeupe. Anafungua daftari.

"Jina la mgonjwa?"

"Mkanda."

"La baba?"

"Feni."

"Anasumbuliwa na nini?"

"Analia."

"Tangu lini?"

"Tangu nilipomtengeneza."

Nesi anaandika yote, hata hilo la mwisho. Kisha anamnusa.

"Huyu amepakwa sabuni. Alikuwa anakwenda kuzikwa?"

"Hapana, nesi. Harusini."

"Tutamdondoshea maji. Akizidi kulia, amelegea. Akinyamaza halafu akaanza tena, basi yeye ni mzima, ila njia anayopita imepinda. Umeelewa?"

"Nilikuwa najua."

"Ulikuwa hujui," akasema Mkanda.

Nesi akainama, akadondosha maji matone mawili. Kimya. Nikasimama, nikainua mikono juu, nikawapungia wagonjwa. Mzee mmoja mwenye bandeji akanipigia makofi. Nilikuwa sijashusha mikono Mkanda alipoanza upya: kwiii!

"Nimempa ruhusa," akasema Nesi. "Mgonjwa ni njia. Mwingine!"

Mgonjwa mwingine aliyeingia alikuwa kengele ya shule. Ikagongwa, na benchi likawa nyasi zenye umande. Niko kwenye uwanja wa shule niliyomaliza mwaka juzi. Mbele yangu puli zote za gari la Baba, yale magurudumu anayozunguka mkanda, zimevaa sare. Mkuu wa Shule ni Puli ya Krenki: mweusi, tumbo kubwa, na akigeuka yeye, wote wanageuka.

"Mstarini!" akanguruma.

Puli wakanyoosha mikono mabegani mwa wenzao. Mkuu akanikabidhi uzi.

"Kuna mmoja ametoka nje ya mstari. Mtafute. Kengele ya pili ikigonga hujampata, dada yako anapanda ndizi."

Nikageuka. Kweli, nje ya uzio pikapu imesimama, inaunguruma, na Dada Tumpale ameshaweka mguu mmoja juu, shela limenasa kwenye mkungu. Ananiangalia tu.

Nikaanza kutembea na uzi wangu, haraka. Nikampita Pampu ya Maji, mama wa makamo aliyefunga kitambaa kichwani.

"Kijana," akaniita kwa sauti nyembamba, "unapita kama upepo?"

Nikarudi mbio. "Shikamoo, Mama Pampu."

Hakuitikia. Midomo ilichezacheza, pumzi haikutoka.

"Siwezi kuitikia," akanong'ona. "Uliposikia kelele ukakaza mkanda. Ikarudi, ukakaza tena. Beringi zangu zinaniuma mpaka kwenye meno."

Nikasema pole.

Nikauvuta uzi kutoka kwa Mkuu hadi mwisho wa mstari, nikafumba jicho moja. Mkuu, sawa. Pampu, sawa. Wa tatu, Puli ya Altaneta, amerudi nyuma kidogo tu, kiasi cha unene wa ukucha. Mkanda akifika kwake inabidi ajipinde kiuno ndipo apite, na hapo ndipo anapolia.

"Wewe!" nikamkaripia. "Mbona husimami sawa?"

"Nimesimama uliponisimamisha," akajibu, bila hata kunitazama. "Muulize washa wangu."

"Washa gani?"

"Yule wa chuma, mwembamba kama pete, aliyekuwa nyuma yangu. Ulipomaliza kunifunga alibaki nje, nawe ukamwambia Baba gari lilikuja na washa wa ziada."

Uwanja mzima ukaguna.

"Fungua mdomo," akasema Mkuu wa Shule.

Nikafungua. Washa alikuwa chini ya ulimi wangu, kama pipi. Nikamtema kiganjani. Mwembamba, ana kutu kidogo, ana hasira nyingi.

"Wiki mbili kwenye kopo la misumari," akasema Washa. "Unajua misumari inaongea nini? Haiongei."

"Nisamehe."

"Nirudishe kwanza."

Nikatazama pikapu. Dada ameshaweka mguu wa pili. Mkono wa mgonga kengele umeanza kuinuka.

Nafungua boliti kwa spana namba kumi na nne. Naifuta sabuni yote kwa kitambaa kikavu, na Mkanda anasema, "Hapo sasa." Nampachika Washa nyuma ya altaneta, anaingia taratibu kama mtu anayerudi kitandani kwake. Nakaza. Mkono unataka kuendelea kukaza, kwa mazoea. Nauzuia. Nambonyeza Mkanda kwa kidole gumba, anazama kidogo, ananirudisha. Basi, hapo hapo.

"Sasa geuka, Mwalimu," nikasema.

Mkuu akageuka. Wote wakageuka. Mkanda akapita, akazunguka, akapita tena.

Kimya. Nilisikia kuku wa mwalimu wa zamu akimeza punje.

Halafu Mama Pampu akavuta pumzi ndefu, akashusha mabega.

"Marahaba, mwanangu."

Uwanja ukalipuka! Puli wakapiga makofi kwa miguu, maana mikono ilikuwa bado mabegani. Mzee wa bandeji akatokea, sijui alipitia wapi. Dada akaruka kutoka kwenye pikapu na shela lake, ndizi mbili zikamfuata. Wakaninyanyua juu juu. Mkuu wa Shule akachukua chaki, akanichora mstari kutoka kwenye kipaji cha uso hadi ncha ya pua.

"Sasa na wewe umenyooka," akasema.

Nikaamka. Manyunyu yanapiga bati, na nje Baba anawasha gari.

Nikajifunika uso kwa shuka, nikasubiri kilio. Gari likawaka. Halikulia. Baba akakanyaga mafuta, likanguruma kama paka aliyeshiba. Nikatoka mbio na kaptula. Chini ya boneti, nyuma ya altaneta, washa yumo, ametulia.

Dada Tumpale amesimama barazani na shela lake. Baba akanipiga begani. "Gwamaka! Umelitengeneza saa ngapi?"

Fursa kama hiyo haiachwi. "Alfajiri, Baba. Nyie mmelala. Nilisikiliza sekunde tatu tu, nikajua."

"Alfajiri ipi?" akauliza Bibi, aliyekuwa mlangoni na kikombe chake cha chai. "Mimi nimekaa hapa tangu jogoo wa kwanza, nimeshindwa kulala kwa ajili ya harusi. Huyu mume wangu hajatoka. Alikuwa anakoroma, miguu ukutani, anaamkia pampu."

Tumpale akaanza kucheka. Bibi akaja, akalowesha ncha ya kanga kwa mate, akanisugua katikati ya paji la uso. Akaitazama kanga. Ile ncha imegeuka nyeupe. Akamwonyesha Baba.

Baba akainusa.

"Chaki," akasema. "Gwamaka, wewe shule si ulishamaliza?"

"Kamaliza leo asubuhi," akasema Bibi.