Nywila Iliyorudi Yenyewe

Mtaa mzima ulimwita Bi Lenzi, naye alilizoea jina hilo hata mumewe akimwita kwa jina lake halisi anachelewa kugeuka. Alikuwa na studio ya picha yenye vyumba viwili. Cha nyuma kilikuwa na pazia la kijivu, taa za miguu mitatu na kiti cha kuzunguka. Cha mbele kilikuwa na mashine ya kuchapia, kompyuta moja na kaunta, na kaunta hiyo ilikuwa ya wifi yake, dada wa mumewe, mwanamke wa maneno machache aliyejua kuwachekesha watoto mpaka wakatulia.

Mteja akiuliza, "Hapa kuna wifi?" Bi Lenzi hujibu, "Wapo wawili. Mmoja wa hewani, huyo hukatika. Mwingine yule pale kwenye kiti, hakatiki."

Utani huo ulikuwa wa siku za amani. Kisha ukurasa wa studio mtandaoni ukatekwa. Bi Lenzi alikuwa akitumia nywila moja kila mahali, na mtu asiyejulikana akaipata, akaingia, akabandika uchafu juu ya picha za maharusi. Ukurasa ulirudi baada ya mahangaiko mengi, lakini aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Tangu hapo Bi Lenzi hakuamini mtu wala mashine.

Alimwita fundi wa kompyuta, akamwambia anataka nywila zake zote zitofautiane, zikae mahali pamoja, nyuma ya nywila kuu moja. Fundi akamwonyesha programu ya kampuni kubwa.

"Zinakaa wapi hizo pasiwedi?" aliuliza Bi Lenzi.

"Kwenye seva zao."

"Seva ziko wapi?"

"Nje huko."

"Nje wapi? Nimkabidhi funguo zangu zote mtu ambaye hata mlango wake siujui?"

Fundi akamwonyesha ya pili, ya bure. Bi Lenzi akaitazama kwa jicho la pembeni. "Na huyu anayenitunzia bure, yeye anakula nini?"

Fundi alicheka. Akatoa ya tatu. Hii ilihifadhi kila kitu ndani ya faili moja lililofungwa, likikaa kwenye vyombo vya mwenyewe tu. Kilichohitajika ni programu nyingine ndogo ya kupelekeana nakala baina ya simu yake, kompyuta ya nyumbani na ya studio.

"Ila hapa mlinzi ni wewe mwenyewe," fundi alionya. "Ukisahau nywila kuu, hata mimi siwezi kukufungulia. Na kabla hujabadilisha kitu, hakikisha vyombo vyako vimeonana mtandaoni."

"Ndiyo ninayoitaka," alisema Bi Lenzi, akiitikia maonyo hayo kama watu wanavyoitikia maelezo ya chupa ya dawa.

Wakaliita faili hilo sanduku. Kwa kuwa kaunta isingefanya kazi bila hilo sanduku, nywila kuu alimpa wifi yake peke yake. Alimpeleka chumba cha nyuma, akavuta pazia, akamnong'oneza sikioni. "Ndani ya sanduku hili ndimo mahali salama kuliko pote," alimwambia.

Mambo yalikwenda vizuri kwa majuma kadhaa. Asubuhi moja, akiwa nyumbani, Bi Lenzi akabadilisha kwenye simu nywila ya barua pepe ya studio. Alipofika kazini mchana, intaneti iliyokuwa imekatika tangu jana yake ilikuwa ndiyo kwanza inarudi. Akajaribu kufungua barua pepe kwenye kompyuta ya kaunta. Ikamkataa. Akafungua sanduku, akakuta nywila ya zamani. Akatazama simuni. Ya zamani vilevile.

"Nimeibadilisha kwa mkono wangu," alijisemea.

Akapekua mahali faili linapokaa. Mafaili yalikuwa mawili. La pili lilikuwa na jina lilelile, lakini likiburuta mkia wa tarakimu. Mtu amenakili sanduku! Na wenye ufunguo walikuwa wawili tu duniani.

Alikaa chumba cha nyuma akijifanya anafuta vioo vya kamera, macho yakiwa mbele. Alimwona wifi yake akiilaza simu kifudifudi. Alimwona akifunga ukurasa haraka mteja alipoingia. Baadaye akamwona akitoka nje kuzungumza na simu, mkono umeziba mdomo. Kila alichokitazama kikawa ushahidi.

Jioni alimweleza mumewe, mwalimu wa udereva, aliyekuwa akivua viatu. "Kikulacho ki nguoni mwako," alimaliza.

"Nguo hiyo unayoisema ni dada yangu," alisema mumewe. "Umemuuliza?"

"Mwizi haulizwi. Mwizi hutegwa."

Usiku uleule akabadilisha nywila kuu.

Kesho yake wifi yake aliita kutoka kaunta. "Wifi, sanduku limenikataa."

"Limekukataa, au limekutambua?"

Wifi yake akamgeukia mteja aliyekuwa akingoja, akamwambia kwa upole kwamba picha zake zitachelewa kidogo. Hakuuliza tena.

Fundi alipofika, Bi Lenzi alimtaka amwonyeshe lini na vipi sanduku liliibwa. Fundi akayafungua mafaili yote mawili, akayalinganisha.

"Hakuna aliyeiba," alisema. "Wewe ulibadilisha kwenye simu. Sanduku la kompyuta hii nalo likabadilishwa hapa, intaneti ikiwa imekatika. Zilipoonana, programu haikujua imwamini nani. Ikashika lililoandikwa mwisho, lako ikaliweka kando kwa jina jingine. Pasiwedi yako mpya hii hapa, nzima."

Bi Lenzi alipaswa kushusha pumzi. Hakushusha. "Kwa hiyo kuna kilichoandikwa humu. Ni nini?"

Fundi akasita, akageuza kioo. Kulikuwa na akaunti mpya, kwa jina la wifi yake, ya chuo cha upigaji picha.

"Unataka kufungua studio yako?" Bi Lenzi aliuliza bila kugeuka.

"Nataka kujifunza," wifi yake alijibu. "Miaka yote nawachekesha watoto, wewe unawapiga picha. Kamera hujanishikisha hata siku moja."

"Na mbona ukaficha?"

"Nimeficha?" Kwa mara ya kwanza sauti yake ilipanda. "Wifi, nimeweka ndani ya sanduku lako! Wewe ndiye uliyesema ndimo mahali salama kuliko pote."

Fundi akainama kuchunguza nyaya ambazo hazikuwa na tatizo lolote.

Mafaili yaliunganishwa yakawa moja. Fundi alipoondoka, Bi Lenzi akamwita wifi yake nyuma ya pazia ili amnong'oneze nywila kuu mpya. Ilikuwa ndiyo namna yake ya kuomba radhi, nyingine hakuijua.

Wifi yake akarudi hatua moja. "Usiniambie. Siku nyingine kikipotea kitu, nataka niwe sijui."

Ikabidi fundi awatengenezee sanduku la pili, la kaunta, lenye nywila kuu aliyoijua wifi peke yake. Nakala yake ilifika hata kwenye simu ya Bi Lenzi, imefungwa, na kila ilipobadilika aliona saa ya kubadilika. Kidole kilimwasha. Alijizuia kuuliza, siku nyingine kwa shida.

Mwisho wifi yake ndiye aliyesema. "Nimepata nafasi chuoni. Masomo ni ya jioni."

"Jioni nani atakaa kaunta?"

"Utatafuta mtu."

Bi Lenzi alifungua kabati, akatoa kamera yake ya akiba, akaifuta kwa kitambaa. "Chukua. Chuoni watakudai kamera. Na usimwazime mtu."

Wifi yake aliipokea kwa mikono miwili, akashukuru, akafungua kifuniko cha pembeni kutazama kama mna kadi ya kumbukumbu. Haikuwemo. Bi Lenzi alikuwa ameshaitoa.