Shahidi wa Pili

Kamusi yetu ilikuwa na sheria moja: neno lisilo na mashahidi wasiopungua wawili, wasio na undugu, haliingii. Kadi ya neno la Baibín Ní Chualáin, bibi wa kisiwani, ilikuwa na shahidi mmoja, yeye mwenyewe, na ofisi ya Dublin ilitaka kadi zote Ijumaa.

Neno lilikuwa la bahari. Vitabu tayari vilikuwa na jina la wimbi linalorudi likikokota kokoto, na jina la povu lipeperushwalo na upepo. Hili halikuwamo. Lilitaja utulivu mfupi juu ya mwamba uliozama, maji yanapolainika na kuvuta pumzi, kabla hayajainuka na kupasua kila kilicho juu yake. Baibín, mwenye miaka tisini na mmoja, alilisikia kwa baba yake, jikoni, mara moja tu.

"Wakilikataa, mwanangu," aliniambia, "nitazikwa nalo."

Kwa siku nne nilizunguka kisiwa chake nikitafuta shahidi wa pili. Wavuvi walinipa chai, wakasema hawalijui. Mmoja alidai bibi amelitunga ili apate wageni. Lakini kila nilipolitaja, mtu aliweka kikombe chini.

Alhamisi asubuhi, Beairtle na nduguye Stiofán walinivusha kwenda bara kwa mtumbwi wao wa turubai. Hawakuwa jamaa za Baibín.

"Dada, ungekusanya maneno ya viazi," Beairtle alisema. "Hayo hata mimi ningeyashuhudia."

Bahari ilikuwa shwari. Wapiga makasia huipa njia mgongo. Mimi niliyekaa tezi, nyuma ya mtumbwi, ndiye niliyeona mbele. Maji yalilainika ghafla. Sikupata neno jingine. Nililitamka lile.

Makasia manne yalisimama hewani. Hakuna aliyegeuka kutazama. Waligeuza omo ya mtumbwi, wakavuta kwa nguvu zao zote. Nilipotazama nyuma, bahari ilisimama, ukuta wa kijani uliopitisha mwanga, ikaanguka pale tulipokuwa tunaelekea. Chumvi ilitufika usoni.

Walivuta kurudi kisiwani, mpaka mchangani.

"Kwa hiyo mnalijua," nilisema.

Stiofán alikuwa akikamua kofia yake. "Halitamkwi, dada. Baba alituambia tukilisikia tugeuze. Basi."

Nilijazia kadi kando ya kitanda cha Baibín, nikamsomea: shahidi wa pili: ndugu wawili; hawakulitamka, waligeuza mtumbwi. Alinitaka niandike pia kwamba waligeuza bila kutazama.

Mchana ndugu wale walinivusha tena, kadi ikiwa kifuani. Njia nzima niliyatazama maji, mdomo nimeufunga, neno lile lisinitoke bure.