Wageni wa Baada ya Chakula cha Mchana

Kilichomshangaza Winfrida kwanza ni namna wazee walivyolala. Kila mmoja alikuwa amejisogeza hadi ukingoni kabisa mwa godoro, mkono ukining'inia nje, na kuacha nafasi kubwa tupu ubavuni mwake. Vitanda vilikuwa vipana, mashuka meupe, sakafu imepigwa deki ikang'aa. Hapakuwa na harufu ya mkojo. Hapakuwa hata na mtu aliyekohoa.

Winfrida alikuwa afisa ustawi wa jamii. Yeye na Antipasi, afisa afya, walitoka Singida mjini asubuhi ile kuja kukagua nyumba hii ya kutunzia wazee, nje kidogo ya Ikungi, kabla kibali chake hakijaongezwa muda. Mwenye nyumba aliitwa Mama Catherine, mwalimu mstaafu na mjane, aliyegeuza boma la marehemu mumewe kuwa makao ya watu ambao watoto wao wako mbali au hawapo kabisa. Wilaya nzima ilimsifu. Antipasi alikuwa amekwenda kuangalia vyoo na matangi ya maji, akamwachia Winfrida bweni.

Winfrida alimweleza mwenyeji wake kwa sauti ya chini kwamba wazee wakilala ukingoni namna ile wataanguka wavunjike nyonga. Mama Catherine alikubali kwamba hata yeye amewakataza mara nyingi.

"Lakini hawasikii," alisema. "Wanawaachia wageni nafasi."

Alilisema hilo bila kubadili sauti, kama anayeeleza maji yanatoka kisima gani. Winfrida alipomuuliza ni wageni gani, alijibu kwamba ni watu wao waliotangulia. Walianza kuja kipupwe hiki, mchana, baada ya chakula, wazee wakijilaza. Mwanzoni aliogopa, akamwita katekista akaja kuomba na shehe akaja kusoma dua. Baadaye aliona wazee wenyewe hawaogopi, akaacha. Wanne walikuwa wamefariki tangu wakati huo, wote usingizini, mchana, bila kulalamika. Familia zilimshukuru kwa mwisho mwema kama huo.

Nje upepo ulikuwa ukivuma kama unavyovuma Singida miezi ile, wa baridi na wenye vumbi. Ndani haukusikika. Madirisha yote yalikuwa yamefunikwa kwa karatasi za nailoni zilizopigiliwa misumari pembeni, ili wazee wasipate baridi. Bweni lilikuwa na joto zuri. Winfrida aliandika kwamba madirisha hayafunguki, akasogea kwenye kitanda cha Bibi Anastazia, ambaye macho yake yalikuwa wazi.

Alimwamkia, akaitikiwa. Aliuliza habari za chakula, za dawa, za wahudumu, na kila jibu lilikuwa jema. Alipouliza habari za wageni, bibi alitabasamu. Kwake anakuja kaka yake Leonard, aliyekufa kijana wakati wa njaa. Hasemi kitu. Hukaa tu pale, miguu ina vumbi la njiani.

Kwenye kitanda cha pili alilala Mzee Kitwana, mfanyabiashara wa zamani wa mjini Singida, kofia yake ya kufuma ikiwa juu ya mto. Yeye hakungoja kuulizwa.

"Mke wangu anaitwa Zabibu," alisema. "Bado hajafika leo. Mwanangu, kaa, usimzibie njia."

Mama Catherine aliitwa nje, wateja wa mikate walikuwa wamefika, akaomba radhi akatoka na kuufunga mlango nyuma yake. Winfrida alikaa kwenye kitanda kitupu, cha mzee aliyezikwa wiki iliyopita, ili aangalie mapumziko ya wazee yanavyokwenda. Kichwa kilikuwa kimeanza kumgonga. Alidhani ni jua na vumbi la njiani.

Kwa muda alisikia pumzi za wazee tu. Halafu alisikia zimeongezeka. Zilikuwa nyingi kuliko watu aliowaona vitandani, taratibu, nyingine zikitokea mahali ambapo hapakuwa na mtu. Bibi Anastazia alisema neno la Kinyaturu kwa upole, lile la kumkaribisha mtu ndani. Mzee Kitwana alivuta shuka, akalifunua upande wa nafasi tupu.

Godoro lilibonyea nyuma ya Winfrida.

Hakugeuka. Ilimjia harufu ya mashudu ya alizeti, harufu ya nguo za mama yake kila alipotoka kazini kwenye mashine ya kukamua mafuta, na mama yake alikuwa kaburini mwaka wa tisa sasa. Hakuogopa. Alijisikia kama mtoto aliyechelewa kulala na sasa amefuatwa. Akajisogeza ili kumpa nafasi, akajisogeza tena, na bega lake likagusa ukingo wa kitanda.

Hapo ndipo alipotambua kwamba amelala. Hakukumbuka kulala. Kalamu ilikuwa sakafuni, viatu vyake vimepangwa vizuri chini ya kitanda, na hakukumbuka kuvivua. Alitaka kuinuka, miguu ikakataa. Aliviringika akaanguka chini, na baridi ya sakafu ikamtia akili kidogo, akaanza kutambaa kuelekea mlangoni.

"Usiende," Mzee Kitwana alimwambia kutoka juu, bila ukali. "Hajakaa vizuri bado."

Antipasi alimkuta pale chini, mkono umeugusa mlango bila nguvu ya kuusukuma. Alikuwa amekuja kumwambia kwamba matangi ni safi. Alimburuta hadi uani, na upepo ulipompiga usoni Winfrida alitapika. Antipasi alimtazama midomo na kucha, akamuuliza kama kichwa kinauma, kisha akarudi ndani haraka, amebana pumzi, akapitisha kiganja ukutani. Ukuta wa nyuma ulikuwa wa moto.

Nyuma ya ukuta ule ndipo lilipojengwa tanuru la mikate, baada ya Pasaka, ili nyumba ijipatie chochote. Liliwashwa mkaa kila siku adhuhuri. Mafundi walikuwa wameliegemeza kwenye bweni ili kuokoa matofali, na ukuta ulikuwa umepasuka juu, karibu na dari. Mkaa hautoi moshi wa kukutoa machozi. Hewa yake ya sumu ilipenya kimya kimya kwenye chumba kisicho na dirisha lililo wazi, na wazee wakaivuta kila mchana wakiwa wamejifunika.

Antipasi aliichana nailoni ya madirisha kwa mikono. Waokaji waliuzima moto, kisha wakamsaidia kuwabeba wazee hadi uani. Wengi walikubali kama watoto wenye usingizi. Mzee Kitwana alishika chuma cha kitanda, ikabidi vidole vyake vifunguliwe kimoja kimoja. Alikuwa akilia. Alisema wanamfungia mke wake ndani.

Gari la hospitali lilipokuwa likingojewa, Mama Catherine alikaa chini kwenye vumbi, khanga imemteleza kutoka kichwani. Antipasi alikuwa amemweleza yote kwa maneno machache.

"Wale wanne niliwaosha mwenyewe," alisema. "Niliona midomo yao ilivyokuwa myekundu, kama ya watu wenye afya. Nikamshukuru Mungu."

Winfrida alimpandishia khanga yake begani.

Hakuna aliyekufa siku ile. Nyumba ilifungwa kwa muda, Mama Catherine akahojiwa na polisi, na mwisho ikaamuliwa kwamba hakukusudia. Alikubali usimamizi upelekwe kwa wengine, akabaki kama mpishi kwa ombi la wazee wenyewe. Tanuru lilibomolewa, madirisha yakawekwa nyavu, bweni likapigwa rangi. Antipasi alimweleza Winfrida kwamba sumu ile humfanya mtu aone na asikie yasiyokuwepo, ni jambo linalojulikana. Winfrida aliuliza kwa nini basi hakuna aliyemwona mgeni asiyemjua. Antipasi alifikiri sana, akakiri kwamba hilo hajui. Winfrida hakumwambia yeye wala mtu mwingine ni nani aliyekuja kukaa naye.

Miezi michache baadaye alirudi kukagua tena, mvua za kwanza zikiwa zimeshanyesha. Kila kitu kilikuwa sawasawa. Wazee walikuwa wachangamfu, walibishana, walilalamikia chumvi. Mzee Kitwana tu ndiye hakuwa ndani. Alikuwa nyuma ya bweni, amekaa juu ya kigoda mbele ya kiwanja kitupu palipokuwa na tanuru, na wahudumu walisema hukaa hapo tangu adhuhuri hadi magharibi, hali chakula vizuri, hasemi.

Winfrida alimwamkia.

"Marahaba," aliitikia bila kumtazama. "Wewe ndiye uliyemfukuza."

Winfrida alichuchumaa kando yake, akamweleza habari ya mkaa, pole pole, na jinsi wanne walivyokufa. Mzee alisikiliza hadi mwisho.

"Sawa," alisema. "Na mama yako naye ni mkaa? Yule mfupi, aliyenukia alizeti?"

Ngozi ya Winfrida ilisisimka kutoka shingoni hadi mikononi. Alitazama ule ukuta mpya, mweupe, usio na ufa. Kisha alimuuliza mzee Zabibu alizikwa wapi. Akaambiwa mjini Singida, makaburi ya Waislamu, na kwamba mzee hajafika huko tangu miguu ilipomshinda.

Aliomba ruhusa kwa msimamizi mpya, akampandisha kwenye gari la ofisi. Njiani mzee alivaa kofia yake, akaivua, akaivaa tena. Makaburini Winfrida alimshika mkono hadi kwenye kilima kidogo cha udongo kilichoota majani, kisha akarudi nyuma kumwacha peke yake. Kutoka pale alimwona akiinua viganja na kusoma Fatiha. Baada ya hapo alibaki ameinama akizungumza, kwa muda, na mara moja alinyamaza na kutikisa kichwa, kama anayekubali jambo aliloambiwa.

Alipokuwa akimsaidia kupanda gari, Winfrida alimuuliza kama amesema naye.

"Nimemwambia asije tena kule," alijibu Mzee Kitwana. "Nimemwambia anisubiri hapa, nitachelewa kidogo."