Kiti cha Mteja

…na kiti bado kitupu, simu imeegemea chupa ya sosi ya nyanya inanirekodi, dakika ya tatu sasa, inarekodi jiko, inarekodi kiti cha mke wangu Glenys na shati langu jeupe nililolitundika mgongoni mwa kiti, na mimi nimesimama kando kama fundi aliyekosea nyumba, maana niliwaza labda nikishabonyeza kile kitufe chekundu akili itapata njia, wapi, akili iliyokata manyoya ya kondoo miaka thelathini na mmoja haipati njia kwa kubonyezwa, na kompyuta nayo hapo mezani inarudia tu ile video ya somo kwa sababu sijui kuizima bila kufunga ukurasa mzima, yule mama mwenye sauti ya tabasamu, *mtajie mteja jina lako, mweleze unachotaka kufanya, omba ruhusa, kisha…* kisha, kisha, naijua kisha yako mama, mkono dhaifu unatangulia kwenye shati, mzima unafuata, wakati wa kuvua ni kinyume chake, naijua hata usingizini, kazi hii nimeifanya miaka miwili bila cheti chochote, ninachokosa ni mtu. Mtu mmoja. Mtu mzima aliye hai, aitazame kamera, ataje jina lake, aseme amekubali, akae dakika kumi akijifanya mkono wake wa kushoto hauna nguvu. Asilimia tisini na sita nimemaliza, kila kitu kimepakiwa, maswali ya usafi, maswali ya chakula, maswali ya moto ukitokea, imebaki video hii moja na mwisho wake ni saa kumi na moja jioni ya leo Jumamosi, sasa hivi saa tisa na robo, na ukurasa ukijifunga ndiyo umejifunga, Jumatatu Marlene wa nyumba ya wazee kule kilimani atampa nafasi yangu mtu mwingine, aliniambia wazi, "Trev, mimi nakutaka wewe, wazee wenyewe wanakujua, lakini bila cheti siruhusiwi hata kukuachia ushike kijiko," na mgongo huu hauwezi tena kumwinamia kondoo, kwa hiyo ni kilimani au ni hapa, mimi na jiko na friji inayonguruma…

Honi. Magari yote kwenye uwanja wa mpira yanapiga honi, goli, letu au lao sijui, honi ni zilezile, mji mzima uko kule, magari yamezunguka uwanja yakitazama ndani, watu wamejifunika mablanketi wanakula pai za moto, na mimi ningeweza kwenda, ni dakika nne kwa gari, nisimame pale kwenye kaunta ya klabu niseme jamani, nani atakuja kwangu nimvishe shati, wangecheka mpaka msimu ujao, yule mcheshi Macca angevua lake hapohapo, "Anza na mimi Trev, ila usininyoe kwapa!" kweli angesema hivyo, na angekuja pia, hilo ndilo jambo baya, angekuja na bia zake mbili, sasa kwa nini siendi, si kicheko ninachokiogopa, kicheko nimekizoea, naogopa wanyamaze. Waniangalie wajue kwamba Trevor Kuchel aliyezaliwa mji huu na kukata manyoya katika kila banda toka hapa mpaka baharini hana mtu mmoja wa kumkalisha kwenye kiti. *Mteja wako ana haki ya kusema hapana*, anasema mama wa kompyuta, ndiyo, ana haki, lakini kwanza awepo. Mara ya kwanza nilimtengeneza, nilijaza gunia manyoya, nikalivisha sweta la Glenys la kijani, nikalikalisha hapohapo kitini, nikaongea nalo kwa heshima zote, nikapakia, na Shabnam akajibu baada ya siku mbili, mkufunzi wangu, yuko mjini Adelaide nadhani, sijamwona, namjua kwa kipicha cha mviringo kikubwa kama kifungo, *Bado Hujafuzu*, kwa herufi za rangi ya chungwa, *Trevor, mikono yako ni ya mtu anayeijua kazi, lakini mteja lazima awe mtu anayeweza kukujibu. Halafu angalia dakika ya pili. Uliuliza "naomba nikushike mkono?" ukaushika papo hapo. Hukusubiri jibu.* Nilicheka peke yangu mpaka nikakohoa, nilitaka kumwandikia, dada, nilipaswa kulisubiri gunia la manyoya linijibu nini? Halafu nikaitazama dakika ya pili. Naomba nikushike mkono, na mkono tayari uko kwangu, hata neno halijaisha, nimeinua, nimegeuza, nimeingiza, kola, vifungo, mwingine. Ndivyo inavyofanywa bandani, ukimuuliza kondoo utafika jioni na kondoo wawili, unambana kwa magoti, unamgeuza kabla hajajua amegeuzwa, anatulia, na nilijivunia hilo, Glenys nilimvalisha kwa dakika moja na nusu, mguu, mguu, mkono dhaifu, mkono mzima, haya mama umependeza, na siku ile akasema, wakati huo ugonjwa ulikuwa umeanza kuyaburuta maneno yake, "Mimi si kondoo, Trev. Niulize kwanza." Nikamwambia, "Nimekuuliza." Akasema, "Umeuliza, lakini hukuningoja."

Loo. Maneno yaleyale. Shabnam hakumjua Glenys, hakuwahi kufika huku, ameketi Adelaide anatazama video za watu mia na magunia yao, akayaandika maneno yaleyale…

"Monty! Toka kwenye hayo majani, mbwa gani wewe, yana miiba hayo! Haya, jichome, halafu uje kunililia!" Huyo ni Bev ng'ambo ya barabara, amevaa ile kofia ya marehemu mumewe, anapogoa waridi, hajaenda uwanjani kwa sababu ya nyonga yake, namwona vizuri dirishani, mkasi unasema kwacha, kwacha, na juu ya kabati hapa, nisipotazama huko ni kwa makusudi, kuna bakuli lake la kuokea, la kahawia, chini yake utepe ameandika NOSKE B. ili lirudi kwake, kila mtu huku anaandika jina chini ya bakuli, unapeleka chakula msibani au kwa mgonjwa, bakuli linarudi likiwa safi ndani ya wiki mbili, ndiyo adabu, mimi nina la Bev mwezi wa kumi na nne. Alikuja nalo Glenys akiwa hai. Alisimama mlangoni hapo. "Trev, nimeleta kitoweo cha kondoo." "Usingejisumbua Bev, tuko sawa." "Sijakuuliza kama mko sawa, bwana, nimesema nimeleta kitoweo. Glen vipi? Niingie kidogo? Kesho nina nafasi, naweza kuja kumwosha nywele, nimkate kidogo huku mbele, tupige soga." "Amelala. Tuko sawa, kweli." Na alikuwa hajalala. Mlango wa chumbani ulikuwa wazi hivi, kiganja kimoja. Nikaingia na bakuli la moto mkononi kama mjinga, akaniuliza, "Nani?" nikasema, "Bev tu," akafumba macho, akasema polepole, neno moja moja, "Nilitaka… anioshe… nywele." Nikasema mimi nitakuosha. "Trev. Aliyekuwa sawa… ni wewe." Na nilimwosha, siku hiyohiyo, haraka, maji ya kiasi, taulo, kichana, safi kabisa, na baada ya siku kumi na tisa nikamzika. Bev aliletewa jibu lake na mimi. Glenys nilimjibia mimi. Mficha uchi hazai, na mimi niliuficha uchi usio wangu, uchi wa mke wangu, nikauita tuko sawa, na kitoweo kile kilioza ndani ya friji kwa sababu sikuweza kula chakula nilichokikataa. Ee Mungu wangu, nimekukosa sana Glen. Nakukosa mpaka nasomeshwa kukuvalisha na sanduku la taa…

*…kisha subiri. Mpe mteja muda wa kujibu, hata kama jibu…* siku zote hizi nilidhani amemaliza pale kwenye ruhusa. Subiri. Kumbe kisha yake ilikuwa hiyo, mama wa watu amenirudia mara ishirini na mimi nikimkatiza kwa mkono dhaifu, mkono mzima. Dakika ya kumi na moja. Bev atasema hapana. Ana haki. Atasema, miezi kumi na minne Trev, hata bakuli, na mimi nitakuwa nimesimama kwake na bakuli na shati jeupe, na itabidi nisijibu kwa niaba yake, nisiseme usijali Bev, nilikuwa napita tu, tuko sawa. Siko sawa. Bev, siko sawa, nahitaji mtu wa kukaa kwenye kiti. Hayo tu. Na kiti ni chako, Glen, hakuna aliyekikalia, hata binti yetu alipokuja alikizunguka akaketi kwenye ndoo, na nilitaka kukupa taarifa tu, kama kawaida yangu, Glen nakwenda kumwita Bev, na mguu huu tayari umegeukia mlango… ngoja. Ngoja, Trevor. Honi tena, mbali, nyingi. Shati halijasogea, simu inahesabu, kwacha, anasema mkasi wa Bev. Nimechuchumaa mbele ya kiti, magoti yanalia, nimeweka mikono yangu juu ya mapaja yangu mwenyewe ili isishike kitu.

"Glen. Nimwite Bev aje?"

Na safari hii nimenyamaza, ninasubiri.